Hakuna Msingi wa Muda

Wandugu wa Dzaleka, na ninyi mnaofanya kazi nasi kwenye mashirika,

Mvua ziko karibu. Ukipita kambini siku hizi unaona kila kona watu wanakanyaga udongo, wanafyatua matofali, wanayaanika juani. Huyu anaongeza chumba cha mama mkwe, yule anaongeza chumba cha kupangisha, mwingine kaka yake amefika na watoto wanne na hana pa kuwalaza. Kabla hamjapanga tofali la kwanza, tunaomba mtusikilize kidogo. Tunayoandika hapa yatawaudhi baadhi yenu, wakimbizi na wafanyakazi pia. Sawa tu. Bora tugombane sasa kuliko tuonane tena usiku wa Februari tukiwa na majembe mkononi.

Maana tulishaonana hivyo. Msimu uliopita, usiku wa pili wa mvua isiyokata, ukuta wa chumba cha nyongeza ulianguka kwa ndani, juu ya kitanda. Kijana aliyekuwa amelala pale yuko Standard 7. Mguu ulivunjika mahali pawili. Bibi yake alikuwa ametoka kwenda kukinga maji yaliyokuwa yanavuja upande wa jiko, ndiyo maana yuko hai. Sisi tulifika kukiwa bado giza, tukaondoa udongo kwa mikono na sufuria, kwa sababu majembe hayakutosha.

Asubuhi tulirudi kusafisha. Pale ukuta ulipokuwa umesimama tukatafuta msingi, hatukuuona. Tofali la kwanza lilikuwa limelazwa juu ya majivu, mifuko ya plastiki, makopo na mabua ya mahindi. Mzee mmoja jirani akatuambia bila kushangaa: “Hapo si lilikuwa shimo la matofali? Tulikuwa tunatupa taka miaka yote.” Watu wote wa mstari ule walijua kuna shimo pale. Na chumba kikajengwa.

Nyumba ya zamani haikuanguka. Ilibaki imesimama, na kwenye kona yake kulikuwa na ufa mrefu kutoka juu mpaka chini, hasa pale chumba kipya kilipokuwa kimeunganishwa.

Siku iliyofuata likaja turubai moja na ndoo. Tunashukuru, turubai linasaidia. Lakini hakuna aliyeuliza ukuta ulisimama juu ya nini. Familia ikaambiwa ijenge tena, ikajenga tena, palepale, juu ya majivu yaleyale. Tulipouliza kwa nini, jibu likawa lile tunalolijua wote: “Ni ya muda tu.”

Leo tunagombana na neno hilo. Nyumba inaweza kuwa ya muda. Paa linaweza kuwa la muda, hata mlango. Msingi wa muda haupo. Ama ukuta umekaa juu ya udongo mgumu, ama haujakaa. Mvua haiulizi kama wewe umebakiza miezi sita au miaka sita.

Kwanza tuhesabu huo muda. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Wenyeji husimulia kwamba jina lenyewe linatoka kwenye neno la Kichewa la mfungwa anayeahidi kwamba ataacha, hatarudia tena. Ilipangwa kwa watu elfu kumi hivi, kumi na mbili ukiwabana. Leo tuko zaidi ya 50,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. UNHCR wenyewe wakikuta wakimbizi 25,000 wa taifa moja wamekaa ugenini miaka mitano mfululizo wanaiita hali ya muda mrefu. Sisi tumepita miaka mitano mara ngapi? Kuna watu kwenye kikundi chetu wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, na sasa wana watoto hapa. Chumba cha mtoto wa tatu kinajengwa kwa hesabu ya “mwezi ujao tunaondoka”.

Na tuseme wazi ardhi mbaya imetoka wapi, maana watu huzungumza kama vile Mungu alituchagulia. Waliofika kwanza walipata sehemu nzuri, udongo mwekundu ulioshikana, juu kidogo, maji yanateremka yenyewe. Sisi wa baadaye tumebaki na miteremko, na kingo za dambo ambako udongo ni mweusi, na viwanja vilivyokatwa mara mbili na mara tatu. Halafu kuna jambo ambalo hatupendi kulisema: kila nyumba ya tope imechimbwa kutoka ardhi ya jirani yake. Ukifyatua matofali ya kujenga vyumba viwili, umeacha shimo. Shimo linakuwa jalala. Jalala likijaa linasawazishwa, linaonekana kiwanja. Baada ya miaka mitano mtu anakuja kuongeza chumba, nafasi pekee iliyobaki ni pale. Hivyohivyo kwa vyoo vya shimo vilivyojaa na kufukiwa. Sehemu kubwa ya ardhi mbaya ya Dzaleka tumeichimba wenyewe, kwa sababu tulibanwa mahali padogo mno.

Mwaka 2023 mbano huo uliongezeka. Mnakumbuka. Serikali ilitoa amri mwezi Machi kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje warudi kambini, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe. Watu waliokuwa na maduka na nyumba za kupanga kule walishushwa hapa na magodoro, wengine bila godoro. Walipokelewa na nani? Na ndugu, na majirani wa kanisani, na watu wa kabila moja. Vyumba vikaongezwa kwa wiki moja, popote palipokuwa na nafasi ya kulaza mkeka. Hatuwalaumu waliojenga haraka. Tunasema tu kwamba vyumba vile bado vipo, watu bado wamelala ndani, na kila msimu wa mvua unavipunguzia nguvu.

Sasa tujibu wanaotupinga, mmoja mmoja.

Wa kwanza ni wazazi wetu, na kwao tunasema kwa heshima. Papa mmoja alituambia: “Batoto, mie niko nangojea ndege. Nichimbe fondasio ya nini?” Tunamwelewa. Kwake yeye, kuchimba msingi ni kama kusema nimekata tamaa, jina langu halitatoka, nitazikwa hapa. Kuna hata wanaoamini kwamba ukionekana umejenga vizuri, watu wa safari watasema huyu ameshatulia, tumwache. Papa, hakuna anayefungua faili lako akaenda kupima kina cha msingi wako. Ila kama ukuta ukimwangukia mjukuu wako, hiyo ndege utaipanda namna gani na mtoto aliyelazwa hospitali? Kusubiri ni kazi ya miaka, na anayesubiri miaka anahitaji ukuta usioanguka zaidi ya mtu anayeondoka kesho.

Tena wazazi wetu, ninyi ndio mnaojua ardhi mbaya kuliko sisi. Wapo kati yenu waliotoka Bukavu, ambako mtaa mzima unaning'inia kwenye mlima na udongo unateleza. Wapo waliotoka Goma, ambako watu wamejenga juu ya mawe ya volkano ya mwaka 2002, mawe hayachimbiki, wakajifunza nyumba za mbao na misingi ya mawe yaleyale. Wapo wa Uvira, waliouona mto Mulongwe ukichukua nyumba mwaka 2020. Na Mei 2023, mwezi uleule ndugu zetu wanakamatwa Lilongwe, tulipokea habari za Kalehe: mafuriko na maporomoko ya udongo yalishuka juu ya vijiji vya kando ya Ziwa Kivu, watu zaidi ya 400 wakafa. Tuliwalilia hapa Dzaleka, kuna familia zilizoweka msiba bila mwili. Mtu aliyelia vile anawezaje kuniambia udongo si jambo la maana?

Wa pili ni watu wa ofisi. Wanasema sheria ya Malawi hairuhusu makazi ya kudumu. Tunajua hali ilivyo. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka mashaka kwenye mambo kadhaa, pamoja na kazi na uhuru wa kutembea, na sheria yake ya wakimbizi ni ya mwaka 1989. Siasa ya kutuweka kambini imejengwa juu ya hapo. Mambo hayo yanatuuma na tutayaandikia siku nyingine. Pia hatusahau kwamba nchi hii, pamoja na umaskini wake, ilibeba Wamsumbiji zaidi ya milioni moja wakati wa vita vyao. Lakini leo swali letu ni dogo sana: tuonyesheni mahali palipoandikwa kwamba mtaro wa msingi wa mkimbizi uishie kwenye kifundo cha mguu. Msingi wa mawe na tope unafumuliwa kwa siku moja ukitaka. Mawe yanabaki kwa mwenyeji, tena ni faida kwake. Kama serikali itasema kesho hameni, mtaro wenye mawe hautamzuia mtu kuhama. Kinachotokea ni kwamba neno “kudumu” limewatisha watu wa makaratasi, wakalichanganya na neno “salama”. Hayo ni maneno mawili tofauti.

Wa tatu wanasema hakuna pesa. Hawa wana haki nusu. Posho ya chakula imekatwa mara kadhaa miaka hii. Kwacha ilishushwa thamani Novemba 2023 kwa asilimia 44 kwa siku moja, na mfuko wa simenti haujawahi kurudi ulikokuwa. Tunajua. Lakini angalieni tunavyotumia kidogo tulichonacho. Mtu ananunua bati jipya, mlango wa chuma uliopakwa rangi, kufuli kubwa, halafu anaweka vyote hivyo juu ya ukuta uliokaa kwenye takataka. Msingi hauonekani na wageni, ndiyo maana hauna pesa. Tukisema ukweli, sehemu kubwa ya msingi mzuri ni jasho: kuchimba, kubeba mawe, kushindilia. Jasho Dzaleka lipo. Vijana wamekaa chini ya mti tangu asubuhi, si kwa uvivu, kwa kukosa ruhusa ya kufanya kazi. Na upande wa mashirika, hesabu ni ileile: turubai linaloletwa kila mwaka kwa nyumba ileile inayoanguka kila mwaka, mwisho ni ghali kuliko mawe ya mara moja.

Sasa zamu yetu, maana tusipojisema wenyewe maandishi haya ni kelele tu.

Mafundi wetu, mnatuangusha. Kuna wenzetu waliobeba zege kwenye majengo ya Lilongwe, Area 49, Area 25, kwa malipo ya kibarua. Wanajua vizuri mtaro wa msingi unafanana vipi. Kule bosi akisema chimba mpaka kiunoni, wanachimba mpaka kiunoni. Wakirudi kambini kumjengea mjane, wanakwangua nyasi, wanamwaga tope, wanaanza kupanga. Wakiulizwa wanacheka: “Mama, hapa si mjini.” Kwani udongo wa hapa unajua kwamba si mjini? Kutoka Lilongwe mpaka hapa ni kilomita arobaini na kitu, mvua ni ileile, uzito wa tofali ni uleule. Tofauti ni kwamba mjane hawezi kukukata mshahara.

Wapangishaji, ninyi mnaojenga vyumba vya mstari, vinne vitano, na kuwapangisha waliofika juzi: chumba kikianguka wewe hulali ndani. Mnajua tunachotaka kusema.

Na sisi vijana wote tunaofyatua matofali: shimo unaloacha nyuma ya nyumba ya jirani, mita moja kutoka ukutani kwake, ni msingi wake unaouchimba. Mvua ikijaza shimo lile, udongo wa chini ya ukuta wake unalainika, unateremkia shimoni. Chimbeni mbali, na kama lazima iwe karibu basi lifukieni kwa udongo mnaoushindilia, sio kwa taka.

Watu watasema mmetukana wote, sasa mnataka tufanye nini. Haya, tunaandika namna tulivyofundishwa na mafundi wazee wachache wanaokubali kufundisha. Hakuna jambo hapa linalohitaji mashine.

Anza kwa kuuliza. Kiwanja chako kina historia, na ramani yake ni bibi anayekaa mkabala tangu zamani. Muulize: hapa palikuwa na nini? Choo? Shimo la matofali? Njia ya maji? Akisema choo, ondoka hapo, usijenge, hata ukiahidiwa mawe ya bure.

Halafu tafuta kipande cha nondo chenye urefu wa mita moja. Kichome ardhini kila hatua moja, kuzunguka pale unapotaka ukuta upite. Kikizama kwa nguvu ya mkono tu kama kisu kwenye ndizi, hapo ni kifusi. Kikigoma mapema, udongo ni mzima. Kikigoma upande mmoja na kuzama upande mwingine, hiyo ndiyo hatari yenyewe: chumba chako kitakaa mguu mmoja kwenye jiwe na mguu mwingine kwenye uji, na lazima kipasuke katikati.

Chimba mpaka ukutane na udongo ambao haujawahi kuguswa. Rangi inabadilika, jembe linalia tofauti. Hata ukiukuta mapema, usiishie juu ya goti lako ukisimama mtaroni. Upana uwe mara mbili ya ukuta. Chini pawe bapa. Kwenye mteremko usifuate mteremko, kata ngazi, kila ngazi bapa kama meza, maana ukuta uliolazwa kwenye mteremko unateremka polepole mpaka siku ya siku.

Sasa jambo la nyongeza, ambalo ndilo linawaangusha wengi. Ukichimba kando ya nyumba ya zamani, usifungue mtaro wote kwa siku moja. Nyumba nyingi za hapa zimekaa kwenye kina cha kiganja tu. Ukiondoa udongo wa pembeni kwa urefu wote, ukuta wa zamani unabaki hauna kinachouegemeza, unaweza kukuangukia ukiwa ndani ya mtaro. Chimba mita moja, jaza mawe, shindilia. Ruka mita moja, chimba inayofuata. Kisha rudi kwenye zile ulizoruka. Inachukua siku tatu badala ya moja. Chukua hizo siku tatu.

Na usifungamanishe ukuta mpya na wa zamani kwa kuingiza matofali meno kwa meno. Mafundi wengi wanaona hiyo ndiyo nguvu, na huko ndiko ufa unakotoka. Nyumba ya zamani imeshakaa, imeshuka kadiri ilivyotaka kushuka. Mpya bado haijashuka. Ukizifunga pamoja, mpya ikishuka inaivuta ya zamani, na kona inapasuka. Acha nafasi ya kidole kimoja, jaza kitu laini, funika kwa ubao mwembamba. Kila moja ishuke kwa wakati wake.

Angalia paa la zamani linamwaga maji wapi. Mara nyingi chumba kipya kinawekwa palepale ambapo paa limedondosha maji miaka kumi, udongo umelowa na kukauka, umelowa na kukauka, hauna nguvu tena. Chimba zaidi hapo, na hamisha njia ya maji kabla hujajenga, sio baada.

Udongo mweusi wa kando ya dambo ni kiburi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Kama huna njia nyingine, uondoe wote mtaroni mpaka ufike chini yake, rudishia changarawe au udongo mwekundu kwa tabaka za unene wa kiganja, kila tabaka lipigwe mpaka lisikubali tena. Kama chini yake hupafikii, tafadhali, hapo panda mboga.

Juu ya ardhi, mistari ya kwanza iwe ya mawe au njerwa za kuchoma, shubiri moja na nusu hivi, kisha karatasi ya plastiki nyeusi, ndipo tofali la tope lianze. Tofali la tope likigusa maji linarudi kuwa tope, halina kosa, ndiyo asili yake. Mwisho zungushia nyumba kibaraza kinachoinamia nje, na mtaro mdogo unaopeleka maji mbali, ila sio kwa jirani.

Hayo tu. Tumejaribu kwenye chumba cha yule kijana. Ndiyo, tulirudi. Familia ilikubali tubomoe tena kabla mvua hazijaanza. Tulichota majivu na taka siku mbili nzima. Tulikuta chini ya shimo udongo mwekundu mgumu, ulikuwa unatungojea muda wote. Mawe tuliyabeba kwa mikokoteni miwili ya kuazima. Simenti ilikuwa mifuko miwili, ya mchango, tukaitumia kwenye kona tu, kwingine tope. Kijana alikaa kwenye kiti, mguu ukiwa bado mwembamba, akishika mpira wa maji wa kupimia usawa. Alitukosoa mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Tunasikia sauti: hayo ni chumba kimoja, kambi ina maelfu. Ndiyo maana tunawaandikia ninyi wa mashirika pia. Msituambie haiwezekani. Kalobeyei, kule Turkana nchini Kenya, wakimbizi walipewa fedha taslimu za ujenzi, wakanunua vifaa wenyewe, wakachagua mafundi, wakajenga nyumba za kudumu. Hapahapa Lilongwe, watu maskini wa vikundi vya akiba walifyatua matofali na kujijengea nyumba Area 49. Hawakuwa matajiri, walikuwa wamekubaliana.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, na tunayadai bila kupiga magoti.

Moja: msaada wowote wa makazi uanzie chini. Kabla ya kutoa bati au turubai, mtu mmoja aje na nondo na jembe, atazame udongo. Kama msingi haupo, pesa ya kwanza iende kwenye msingi.

Mbili: mkihesabu nyumba zilizoanguka, andikeni pia zilisimama juu ya nini. Fomu zenu zinauliza watu wangapi wamelala ndani, wanawake wangapi, walemavu wangapi. Ongezeni mstari mmoja: udongo gani. Baada ya misimu miwili mtakuwa na ramani ya mashimo ya kambi nzima, na hakuna atakayejenga tena juu ya choo kwa kutojua.

Tatu: walipeni mafundi wazee wa humu wafundishe vijana. Msituletee semina ya siku moja yenye soda na cheti. Mpeni fundi miezi mitatu ya mtaro halisi.

Kwa upande wetu hatutakaa kungoja majibu. Kila Jumamosi mpaka mvua zianze tutazunguka na nondo tatu na mpira wa maji. Tutaanzia Likuni na Kawale. Ndiyo, kambini pia tuna Kawale na Likuni yetu, majina ya mitaa ya Lilongwe ambako haturuhusiwi kuishi. Ukitaka tukupimie kiwanja kabla hujajenga, tuite. Hatulipwi. Ukitupa chai tutakunywa. Fundi ukitaka kugombana na tuliyoyaandika, njoo tugombane ndani ya mtaro, jembe mkononi, tutajifunza wote.

Wazee wetu wana haki ya kungojea ndege. Nasi pia tunaingojea, tusidanganyane, hakuna kijana humu asiyeangalia orodha ikibandikwa. Lakini usiku kabla ya ndege, na usiku ule mwingine wote wa miaka iliyotangulia, kuna mtoto amelala karibu na ukuta. Chimbeni mpaka udongo mgumu.